Namba Iliyoandikwa kwenye Shingo ya Raketi

Raketi yangu ya skwoshi imeandikwa 120 shingoni kwa rangi nyeupe, na dukani niliambiwa hizo ndizo gramu zake. Jioni moja niliilaza juu ya mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Ukasoma 153. Nikashuku mzani, nikaweka pakiti ya sukari ya nusu kilo, na mzani ukasema kweli. Zile gramu 33 zilitoka wapi?

Kiwanda hupima fremu tupu, kaboni ilivyotoka kwenye kalibu, kabla haijavishwa chochote. Baadaye huja nyuzi, huja gripu ya mpinini, huja ule mkanda wa plastiki unaokinga kichwa kisichubuliwe na ukuta. Vyote hivyo vina uzito, na jumla yake mara nyingi huzunguka gramu 30. Hakuna aliyedanganya. Ila namba inayouza raketi ni ya kitu ambacho hakuna mchezaji atakayekishika mkononi, na wanunuzi wengi huchagua kati ya 115 na 125 kana kwamba wanachagua kati ya maisha mawili.

Ninaanza na jambo hili dogo kwa sababu ndivyo ilivyo karibu kila kitu katika vifaa vya skwoshi. Kilichoandikwa namba ndicho kinachozungumzwa, na kisichoandikwa ndicho kinachoamua kama utacheza vizuri, kama goti lako litafika mwisho wa mwaka, na kama jicho lako litabaki salama.

Tubaki kwanza na uzito, maana una mengi. Namba ya pili anayoitaja muuzaji ni ulinganifu: raketi hii ni nzito kichwani, ile ni nyepesi kichwani. Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Lalisha raketi juu ya penseli, isogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote, kisha pima kwa futi kutoka kitako cha mpini mpaka kwenye penseli. Raketi nyingi za watu wazima zina urefu wa milimita 686, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa na sheria, kwa hiyo katikati yake ni 343. Tuseme yako ina gramu 150 na imetulia kwenye 350. Ni nzito kichwani, kidogo. Sasa zungushia mpini gripu ya pili ya gramu 8, kama wafanyavyo wengi wenye vidole virefu. Pima tena: raketi inatulia kwenye 337. Imerudi milimita 13, na kwa hesabu ya muuzaji imehama kundi, imekuwa nyepesi kichwani.

Lakini ipunge. Utaona mkono unasikia karibu kile kile. Uzito ulioongeza umekaa ndani ya kiganja, pale pale ambapo raketi inazungukia, kwa hiyo haukupi kazi mpya. Bandika gramu 3 tu za mkanda kwenye ncha ya kichwa na mkono utalalamika mara moja. Aliyelima anajua jambo hili bila kufundishwa: jembe ukilishika karibu na chuma ni jepesi, ukilishika mwisho wa mpini na kulinyanyua ni jembe jingine. Kwa jambo hili la kuzungusha, umbali una nguvu kuliko gramu. Uzito uleule ukiusogeza mara mbili mbali na mkono, ugumu wa kuupunga unaongezeka mara nne. Huo ugumu wa kupunga ndio mchezaji anaousikia, na ndio usioandikwa shingoni.

Ndiyo maana nawaambia watu wachukue raketi mbili dukani na kuzipunga kwa kiwiko, polepole, wakifumba macho, kabla ya kusoma maandishi. Kuna raketi yenye fremu ya gramu 110 ambayo ni nzito kuipunga kuliko nyingine ya 130, kwa sababu ya kwanza imebeba karibu kila kitu kichwani.

Uzito upi unakufaa? Hapa natofautiana na ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba anayeanza anunue raketi nyepesi kabisa ili mkono usichoke. Raketi nyepesi husaidia mtu ambaye tayari anapiga kwa mzunguko mkali na anahitaji kuinua mkono haraka ili akate mpira hewani. Anayeanza hana mzunguko huo. Akiwa na raketi nyepesi, mpira hautoki katikati ya uwanja. Naye hukaza bega ili aupeleke nyuma, na siku ambayo hakuugusa mahali penyewe fremu humgeukia mkononi. Raketi yenye gramu 150 mpaka 160 ikiwa imekamilika humfanyia sehemu ya kazi. Hata hizo ni nyepesi mno tukikumbuka kwamba sheria inaruhusu mpaka gramu 255, na kwamba vizazi vilivyocheza kwa raketi za mbao, kabla kaboni haijashika soko katika miaka ya 1980, vilipunga kitu kizito kuliko hizo gramu 160 kwa muda wa saa nzima.

Umbo la kichwa nitalipitia haraka. Kuna zile zilizo wazi shingoni, kama tone la maji, ambapo nyuzi za wima hushuka mpaka karibu na mpini. Na kuna zenye daraja linalofunga kichwa kwa chini. Nyuzi ndefu hunyumbuka zaidi na kusukuma mpira zaidi. Zenye daraja huwapa baadhi ya watu hisia ya kuushika mpira kwa uhakika. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na utaizoea kwa wiki mbili.

Nyuzi, kinyume chake, ni jambo kubwa ambalo watu wengi hawaligusi kamwe. Mpira wa skwoshi ni mbovu wa kurudisha nguvu. Ukiupiga, sehemu kubwa ya nguvu uliyoutia hugeuka joto ndani ya mpira wenyewe. Nyuzi za nailoni zikinyumbuka hurudisha karibu zote. Kwa hiyo kadiri unavyoziacha nyuzi zinyumbuke badala ya mpira kubondeka, ndivyo unavyopata mwendo bila kutoa jasho. Hapo ndipo penye siri ya mkazo. Raketi nyingi hufungwa kwa paundi kati ya 22 na 30. Mtu anayelalamika kwamba raketi yake haina nguvu huomba zikazwe zaidi, akiamini kwamba kilichokaza ndicho chenye nguvu. Anapata kinyume: ubao. Ashuke paundi 2 au 3, na mpira utafika ukuta wa nyuma. Anayepiga kwa nguvu na mipira yake inatoka nje, huyo ndiye apande.

Unene nao una maneno yake. Uzi wa milimita 1.1 huuma mpira vizuri na kukatika mapema, wa 1.3 hudumu na kuhisi butu. Na nyuzi huzeeka hata kama hazijakatika. Nailoni hulegea yenyewe ikining'inia ukutani, na hulegea mbio ukiiacha ndani ya gari juani Mombasa au Dar es Salaam. Kanuni ya wazee wa viwanjani ni kuzibadilisha kwa mwaka mara nyingi kama unavyocheza kwa wiki: ukicheza mara tatu kwa wiki, badilisha mara tatu kwa mwaka. Ukipeleka kwa fundi, mwombe aangalie pia vile vipete vya plastiki kwenye matundu ya fremu. Vikipasuka, kaboni inaukata uzi mpya ndani ya siku chache, na lawama humwangukia uzi.

Nilijifunza haya kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita niliiona raketi yangu imekufa, nikanunua mpya, na ilikuwa kweli bora: mpira ulitoka ukiimba. Ile ya zamani nilimpa rafiki. Yeye akaifunga nyuzi mpya kwa paundi 25, nikaijaribu, nayo ikaimba vilevile. Nilikuwa nimenunua fremu nzima ili nipate nyuzi mpya.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya nisome uchambuzi wa raketi kwa uangalifu. Mtu anayesifu raketi kwamba ina nguvu nyingi na hasemi ilikuwa na nyuzi gani, zilikazwa kwa paundi ngapi, alipiga mpira wa aina gani, na uwanja ulikuwa na joto au baridi, amesifu vitu vitano kwa jina la kimoja. Pengine alilinganisha raketi iliyotoka kwenye plastiki na ile ya kwake yenye nyuzi za mwaka juzi. Maneno kama "kali", "laini" na "imara" ni ya kweli mkononi mwake. Mkononi mwako yanahitaji tafsiri: je, ana kimo chako? Anacheza nyuma akivumilia, au anakimbilia mbele kumaliza? Amecheza nayo siku moja au miezi mitatu? Wiki ya kwanza kila raketi mpya ni nzuri, kwa sababu mchezaji mwenyewe anakimbia kwa furaha.

Ninapojaribu raketi kwa niaba ya mtu, nafanya hivi. Naomba zote mbili zifungwe nyuzi za aina moja kwa mkazo mmoja na fundi mmoja. Naziba majina na namba kwa mkanda mweusi. Natandika taulo nyuma ya kisanduku cha kuanzishia upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, na kupiga mipira 20 ya kufuata ukuta kwa kila raketi huku mwenzangu akihesabu inayoangukia taulo. Tunabadilishana. Tunarudia siku nyingine kwa kuanza na ile iliyokuwa ya mwisho, maana mpira wa moto na mwili uliochangamka huipendelea ya pili. Halafu tunacheza mechi, na hapo natazama jambo moja tu: katika seti ya tatu, nikiwa nimechoka, ni ipi inayonifikisha kwenye mpira kwa wakati? Mara nyingi sana jibu la taulo na jibu la seti ya tatu ni tofauti. Naliamini la pili.

Jambo jingine la kuwafaa wenye kubana matumizi: kampuni nyingi hubadilisha rangi kila baada ya msimu huku fremu ikiwa ni ileile. Raketi ya msimu uliopita, iliyoshushwa bei kwa sababu ni ya bluu na sasa wanauza nyekundu, ni ununuzi wa akili kabisa.

Tangu Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipouingiza mchezo huu katika Michezo ya Los Angeles ya 2028, pale ninapocheza nasikia maswali mengi zaidi kutoka kwa wageni. Karibu wote huanzia kwenye raketi. Mimi huwauliza wamenunua mpira gani.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na mpira. Katika shule ya Harrow huko Uingereza, karne ya 19, wanafunzi waligundua kwamba mpira uliotoboka, unaobondeka ukutani, unawalazimisha kukimbia na kubuni mipigo zaidi kuliko ule mgumu. Jina la mchezo limetoka kwenye kubondeka huko. Hadi leo mpira wa skwoshi, wenye kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24, ni karibu mfu unapotoka mfukoni. Sheria inataka ukiwa na nyuzijoto 23 uruke angalau asilimia 12 ya kimo ulichoangushiwa. Ukipigwa mpaka ukafika nyuzijoto 45, unaruka robo ya kimo hicho au zaidi. Wachezaji wa kulipwa huufikisha hapo na kuuweka hapo. Mtu anayegusa mpira mara tatu kisha anakwenda kuuokota pembeni hawezi. Mpira wake unapoa kila anapoinama.

Hata hivyo viwanja vimejaa wanaoanza wakishika mpira wa nukta mbili za njano, kwa kuwa ndio wa mashindano na mwingine unaonekana wa kitoto. Huo ni msiba wa kimyakimya, na nina hakika umewafukuza watu wengi kwenye mchezo huu kuliko bei ya raketi. Katika safu ya mipira ya Dunlop, mpira wa nukta moja ya njano unakaa hewani asilimia 10 zaidi ya ule wa nukta mbili; wa nukta nyekundu ni mkubwa kwa asilimia 6 na unakaa hewani asilimia 20 zaidi; wa bluu unazidi hapo. Mpe mwanafunzi ule mwekundu, ataona mipigo sita mfululizo badala ya miwili. Atakimbia, ataupasha moto, na baada ya miezi michache nukta mbili zitamfaa kweli.

Na mahali pana neno lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Hewa iliyofungiwa ndani ya mpira inasukuma nje kwa urahisi zaidi, na hewa ya uwanjani haiuzuii sana, hivyo mpira unaruka na kwenda mbio. Anayetoka Mombasa kwenda kucheza Nairobi hulalamika kwamba kila mpira unampita. Ila afike Julai, saa moja usiku, uwanja ukiwa baridi, na mpira uleule utalala sakafuni kama jiwe mpaka upigwe kwa dakika kumi. Ukienda Mombasa mwezi Februari, joto linaupa mpira uhai na unyevu unatoa jasho kwenye kuta; mpira ukigusa ukuta uliolowa unateleza badala ya kuruka, na gripu inazunguka mkononi. Kwa pwani nashauri mpira wa nukta mbili kwa yeyote aliyecheza mwaka mmoja, gripu laini inayobadilishwa kila baada ya wiki chache, na kitambaa cha mkononi cha pamba. Kwa bara, nukta moja usiku wa baridi si aibu kwa mtu yeyote.

Sasa miguu. Hashim Khan, mtoto wa Nawakille karibu na Peshawar, aliokota mipira kwenye klabu ya maofisa wa Kiingereza na kujifunza pekupeku katika viwanja vya matofali visivyo na paa. Mwaka 1951, akiwa mtu mzima kabisa, alikwenda Uingereza akashinda mashindano ya British Open. Kisa hicho hutumiwa kuwaambia vijana kwamba viatu si kitu. Mimi nakisoma vingine. Mguu mtupu uko karibu na sakafu, haupinduki. Kinachovunja kifundo cha mguu ni kuinuliwa juu.

Ndiyo shida ya raba za kukimbilia. Zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele tu: kisigino kinene, laini, kimeinuliwa. Katika skwoshi unakwenda kando, unarudi kinyumenyume, unatupa mguu mmoja mbele na kusimama ghafla. Kisigino kile kinageuka ngazi, na mguu unapinduka juu yake. Unahitaji kiatu kifupi, chenye pande ngumu zinazoshikilia mguu, kinachokunjika pale vidole vinapokunjika na si katikati ya unyayo, chenye soli ya raba ya asili, mara nyingi ya rangi ya asali, isiyoacha alama kwenye mbao. Kama hupati kilichoandikwa skwoshi, kiatu cha badminton, voliboli au mpira wa mikono kinafanya kazi ileile.

Na huhitaji kwenda dukani. Nimeona viatu vizuri vya ndani vikiuzwa katika masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kwenye marundo ya mitumba, kwa sababu muuzaji na wateja wengi huvitazama kama raba za kawaida. Vipime hivi: bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiacha alama inayorudi taratibu, raba bado hai. Ikiwa ngumu na inang'aa, imezeeka na itateleza hata kama kiatu kinaonekana kipya. Sugua soli kwenye karatasi nyeupe uone kama inaandika. Shika kisigino na ncha, ukisokote kama unayekamua nguo. Kikigeuka kama kitambaa, kirudishe. Kisha uvivae uwanjani tu. Ukivitembelea barabarani, mchanga unaingia kwenye soli na wewe unakuja kuukwangua sakafuni.

Nimeacha miwani mwisho, ingawa ingekuwa fedha zangu ningeanzia hapo. Mwaka 2014 Cameron Pilley wa Australia alipimwa akipiga mpira kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Sisi wengine hatufiki huko, lakini kasi si tatizo peke yake. Tatizo ni kipimo. Mpira wa miguu ukikugonga usoni, mifupa inayolizunguka jicho huupokea. Mpira wa milimita 40 unaingia katikati ya mifupa hiyo. Tena wachezaji wawili wamo ndani ya chumba cha mita 9.75 kwa 6.4, kila mmoja amebeba fremu ya kaboni, na mara nyingi mmoja yuko nyuma ya mwenzake.

Shirikisho la dunia la mchezo huu linalazimisha miwani ya kujikinga kwa vijana katika mashindano yake, na kwa mechi za wawili wawili. Watu wazima tumeachiwa hiari, na tunaitumia vibaya. Miwani ya kawaida ya kusomea haikingi. Kioo chake kinaweza kuvunjika na vipande kuingia kule kule ulikotaka kukinga. Fremu tupu zisizo na kioo hazina maana, kwa kuwa mpira unabondeka na kupenya. Tafuta yenye kioo cha polikaboneti, na kwenye fremu au kifurushi utafute maandishi ASTM F3164 (kwa za zamani, F803), yanayoonyesha kwamba imepimwa kwa michezo ya raketi. Hiyo, kwa mara moja, ni namba ya kuiamini.

Wanaoivua katikati ya mchezo husema inaingia ukungu, na pwani ni kweli. Usiifute kwa fulana yenye jasho, chumvi inakwaruza kioo na ukungu unarudi ndani ya dakika moja. Kabla ya kuingia, paka tone la sabuni ya maji ndani ya kioo, eneza kwa kidole, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane. Kwangu inatosha seti mbili, na baada ya hapo, tukipumzika, naipaka tena.